Kivuli cha Mkadi Ukutani

Nilipostaafu ualimu na kurudi kuishi Malindi katika kiwanja alichoniachia marehemu baba yangu, kitu cha kwanza nilichojenga baada ya nyumba kilikuwa ukuta wa upande wa magharibi, wa mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu na kupakwa chokaa, wenye urefu wa hatua 40 na kimo cha kunipita kidogo. Ukuta huo ndio niutazamao kila asubuhi nikiwa nimeketi kwenye baraza ya nyuma, kwa hiyo nilitaka mbele yake pawe na bustani. Sikuwa na mazoea ya bustani zaidi ya mikebe ya mrehani na asumini, nami nikafanya kama wafanyavyo wengi: nilikwenda kwenye kitalu cha kando ya barabara, nikachukua kila kilichonivutia siku hiyo, nikarudi nyumbani na tuktuk iliyojaa miche hata dereva akawa anachungulia njia katikati ya majani.

Mti ulionigharimu fedha nyingi kuliko mingine ulikuwa ule ambao wauza miche huuita mnazi wa msafiri, ingawa si mnazi kwa nasaba wala kwa sura. Asili yake ni Madagaska, nao hupanga majani yake makubwa, mfano wa majani ya mgomba, katika safu moja bapa kama kipepeo cha kupepelea moto. Nilikuwa nimeuona umesimama katika ua wa ndani wa hoteli moja, nikauhusudu. Niliupanda mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, ukapendeza kwa muda wa miezi mitatu. Kisha ilipofika Aprili upepo ukageuka, na hadi mwisho wa Juni upepo wa kusi ulikuwa umeyachana majani yote yakawa nyuzinyuzi, na ncha zake zimebabuka kwa munyu. Mzee wa Kigiriama ambaye hunisaidia kazi za bustani siku mbili kwa juma, na ambaye alitumikia bustani za hoteli kwa miaka mingi kabla ya kuja kwangu, aliutazama kitambo, akasema, "Mwalimu, umetweka tanga. Sasa chombo kikienda, wamlaumu nani?"

Sikufurahi, lakini alikuwa amesema kweli. Jani pana, laini na zima ni tanga, na kiwanja changu kiko mbele ya bahari kwa mwendo wa dakika chache tu. Kule hotelini mti ule ulikuwa umezungukwa na kuta nne. Mimi nilikuwa nimeuona mti bila kuziona kuta. Siku iliyofuata nilishuka pwani kwa makusudi, nikatembea nikitazama ni nini kimesimama huko bila kupandwa wala kutunzwa na mtu, na ni jani la namna gani. Mvinje una majani membamba kama sindano, upepo hupita katikati yake ukivuma kama mtu anayenong'ona. Mkadi una majani marefu, magumu, yaliyojikunja kama mfereji. Mkoma una majani ya kipepeo, lakini kila kipepeo kimekwisha kugawanyika kuwa vidole. Hata mnazi wenyewe, ambao ungedhani una jani kubwa kuliko yote, jani lake limejipasua tangu awali, likauachia upepo njia ya kupita. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza bei ya mche wowote, hulishika jani lake na kujiuliza upepo utapitia wapi.

Nilipanda pia mivinje mitano upande wa baharini ili ipunguze nguvu za upepo, na juu ya mti huo sina mengi ya kusema ila kwamba hukua upesi kuliko subira ya mtu yeyote, na kwamba chini yake hapaoti kitu kwa urahisi, kwa kuwa sindano zake huanguka na kufanya zulia zito lisilooza haraka. Walioitumia mivinje kuanzia mwaka 1971 kuyarudishia uhai machimbo ya saruji ya Bamburi, chini ya uongozi wa René Haller, walipatwa na shida iyo hiyo, wakaitatua kwa kuleta majongoo wa kuzitafuna sindano hizo. Mimi majongoo ninao wa kutosha bila ya kuwaleta, nao hawana haraka. Nimeiacha sehemu hiyo na zulia lake.

Jambo lililobadilisha namna yangu ya kuchagua mimea lilitokea usiku, wala sikulitafuta. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, nami nilitoka nje na tochi kutafuta paka. Mbele ya ukuta palikuwa na debe kuukuu alimotia yule mzee mche wa mkonge, ambao alikuwa ameung'oa kando ya njia akisema haufai kutupwa. Mwanga wa tochi ulipoupiga mche huo, ukuta mzima ukajaa kivuli cha mikuki iliyotawanyika kutoka sehemu moja, kila mkuki na ncha yake, na baina ya mkuki na mkuki chokaa inang'aa. Nilisogeza tochi kwenye mimea mingine niliyoinunua kwa fedha nyingi, iliyosifika kwa maua mekundu na ya manjano, na kivuli cha kila mmoja kikawa kama cha gunia lililojazwa nguo. Nilisimama pale mpaka betri zikalegea. Rangi ya ua ilikuwa imenidanganya kwa muda wa mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa nanunua kile kinachodumu siku chache na kusahau kile kitakachobaki nikikitazama miezi yote.

Tangu hapo nikaanza kuichagua mimea kwa kivuli chake. Nikienda kitaluni huomba kuusogeza mche mbele ya ukuta au hata karatasi nyeupe, jua likiwa chini, na kama mwenye kitalu ana haraka basi mimi sinunui siku hiyo. Nyumbani, mche hukaa ndani ya kopo lake mbele ya ukuta kwa majuma mawili kabla ya shimo kuchimbwa, nami huuhamisha huku na huko mpaka kivuli chake kikae mahali pake. Jua huchomoza upande wa bahari, na likishavuka paa la nyumba, yapata saa mbili na nusu asubuhi, vivuli hutandaa ukutani, kisha hushuka polepole hadi saa nne hivi, vikawa chini mchangani. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa, na kivuli cha mkonge hujikusanya chini ya majani yake kikawa nyota ndogo nyeusi. Huenda ni mambo ya mtu asiye na kazi, lakini nilifundisha jiografia miaka 31 nikichora jua hilo ubaoni kwa chaki, na sikuwahi kuliona kwa macho yangu mpaka nilipopanda mkonge.

Kuhusu mkonge wenyewe, sharti niseme makosa yangu kabla ya kuusifu. Niliupanda mche ule wa debe karibu na lango, kwa kuwa nilitaka mgeni auone anapoingia. Katika mwaka wa pili majani yake yalifika njiani, kila jani na mwiba mgumu mweusi kwenye ncha, nao mwiba huo uko kwenye kimo cha uso wa mtoto wa miaka mitano. Mjukuu wangu alikuja mbio akinikimbilia, mwiba ukamchana shavu chini kidogo ya jicho. Mungu alitustahi. Usiku ule nilizikata ncha zote za miiba kwa mkasi, na asubuhi nikaona nilichokifanya: mmea uliokuwa na mikuki sasa ulikuwa na vijiti butu vilivyogeuka rangi ya kahawia kwenye ncha, na kivuli chake kilikuwa kimeharibika. Mmea wa namna hii hauwezi kupandwa karibu kisha ukapunguzwa makali. Ama uupande mbali na mapito kwa hatua tatu au nne kutoka pale majani yatakapoishia mmea utakapokomaa, ama usiupande kabisa. Na anayeyakata majani avae nguo ya mikono mirefu, kwa maana maji yake huwasha ngozi kwa siku kadhaa.

Watu waliokua na mashamba ya katani, kama majirani wa Vipingo huko chini yetu, hushangaa mtu akiupanda mkonge bustanini kwa ajili ya uzuri. Kwao huo ni mmea wa kibarua, wa kukata majani kwa hesabu na kupeleka kiwandani. Hata si mwenyeji wetu: asili yake ni Meksiko, na katika pwani hii ya Afrika Mashariki uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, ambaye katika miche 1,000 aliyoiagiza, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo 62 yalitokea mashamba ya Tanga yote. Nilipomsimulia mzee wangu hesabu hiyo alicheka, akaniambia hakuna cha kustaajabu, kwani mkonge hata ukitupwa juu ya paa utaota.

Kile ambacho hakuniambia, labda akidhani najua, ni kwamba mkonge huchanua mara moja tu katika uhai wake. Wangu wa pili, niliokuwa nimeupanda pahali panapostahili, ulipopata umri wa miaka minane ulianza kutoa katikati yake kitu kama bua la asparaga kubwa, kikapanda juu siku baada ya siku mpaka kikawa mlingoti wa mara tatu ya kimo changu, chenye matawi kama kinara cha taa. Majirani walikuja kuutazama. Kwa miezi michache ulikuwa ndio mmea mzuri kuliko yote mtaani, kisha matawi yakajaa vitoto vya kijani ambavyo vilianguka chini kwa mamia, na mama yao akaanza kukauka kuanzia jani la chini. Pakabaki pengo katikati ya ukuta, pahali ambapo macho yangu yalikuwa yamezoea kutua. Sasa nina desturi ya kulea mche mmoja ndani ya debe wakati wote, ukiwa nyuma ya mwenzake kwa miaka mitatu au minne.

Mnyaa niliupanda kwa sababu matawi yake ya mviringo yasiyo na majani hutoa kivuli kama cha matumbawe ya baharini, na kwa sababu hauombi maji. Niliung'oa kwa sababu ya dakika moja. Nilikuwa nakata tawi moja lililoegemea bomba, tone la utomvu mweupe likarukia kope, nami bila kufikiri nikajifuta kwa mkono ule ule. Maumivu yake siwezi kuyafananisha na kitu. Mzee alinishika kichwa chini ya bomba, akanimwagia maji kwa muda ambao mimi niliuona kama nusu siku, kisha nikapelekwa hospitali, ambako daktari alisema maji yale ndiyo yaliyoniokoa, na kwamba wako wanaopofuka. Kwa siku tatu niliona ukungu. Nawajua wenye kuzungushia mnyaa boma lote la mifugo na kuishi nao kwa amani, sibishani nao. Lakini katika uwanja wanakocheza wajukuu sioni umbo lolote linaloulipia utomvu ule.

Shangazi yangu wa Lamu ndiye aliyenipa mkadi. Nyumba yake ni ya zamani, ya kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati, kilichozungukwa na kuta nene, na katika kiwanda hicho hapana nafasi ya kupanda vitu vingi, kwa hiyo kila kilichomo kimechaguliwa: mlangilangi mmoja, mkomamanga mmoja, na kopo la mrehani kando ya kisima. Mkadi wake uko nje, nyuma ya nyumba, umri wake ukikaribia wa shangazi mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeuzoea mkadi kwa harufu tu, kwa vile vipande vya kadi, yaani ua lake, vinavyotiwa katika kikuba pamoja na asumini na mrehani mwanamke anapojipamba, na nilidhani mti wake ni kichaka kama vichaka vingine. Shangazi alinizungusha nyuma, akaniambia nitazame chini. Shina lilikuwa limesimama juu ya miguu yake, mizizi minene iliyotoka kimo cha kiuno na kushuka mchangani kwa mshazari kama nguzo zinazoegemeza jahazi likiwa nchi kavu kupigwa deheni. Juu, majani yalikuwa yamepanda shina kwa mzunguko, kama ngazi za mnara. Nilikuwa nimetafuta miaka mitatu mmea wenye umbo, nikautafuta kwenye vitalu, na huu ulikuwa nyuma ya nyumba niliyolala likizo zangu zote za utotoni.

"Mwanangu," akaniambia, "chukua tawi la mti dume, maana ndio wenye harufu. Jike atakupa mananasi ya kuchezea watoto." Mikadi hutofautiana hivyo: dume hutoa yale maua marefu meupe yenye kunukia, na jike huzaa matunda magumu mfano wa nanasi. Tulikata tawi la unene wa mkono, tukaliacha kivulini siku nne ili jeraha likauke, tukayapunguza majani kwa nusu, na nikalisafirisha ndani ya gunia kwa mashua hadi Mokowe na kwa basi mpaka Malindi, abiria wenzangu wakinilalamikia kwa haki, kwa kuwa kingo za majani ya mkadi zina miiba midogo kama msumeno, nayo ilipenya gunia. Niliupanda mwanzoni mwa masika, mchanga mtupu na jembe moja la samadi iliyooza. Ulikaa mwaka mzima bila kuonyesha chochote, nami nikaanza kuusahau. Katika mwaka wa pili ukatoa mguu wake wa kwanza. Leo una miguu saba. Upepo wa kusi ukivuma, majani hupiga kelele kavu lakini hayachaniki, na munyu haujaubabua hata ncha moja.

Mkoma ulinishinda mara mbili. Huo ndio mti pekee wa jamii ya minazi niujuao ambao shina lake hugawanyika pande mbili, na kila panda ikagawanyika tena, na mtu akiuona umesimama peke yake kwenye uwanda wa njia ya Mambrui wakati wa magharibi haulizi kwa nini nautaka. Nilichimba mche mmoja mdogo wenye majani mawili, ukafa. Nilichimba wa pili nikiwa na uangalifu mkubwa na donge kubwa la udongo, ukafa pia. Mzee alinitazama nikifanya yote hayo bila kusema neno, kisha akachimba mwenyewe kando ya mche wa tatu ili anionyeshe, akashuka chini mpaka mkono wake ukazama begani. Mbegu ya mkoma, inapoota, hupeleka kwanza kichipukizi chake chini kabisa ya mchanga, na huko chini ndiko mmea unakoanzia. Lile jani dogo linaloonekana juu limetoka mbali. Kila nilipochimba nilikuwa nakata shingo. "Mkoma hauhami, Mwalimu," akasema. "Ukiutaka, mwite mtoto wake azaliwe kwako." Tulipanda kokwa tatu pale pale nilipoutaka mti, tukazizungushia mawe ili zisikanyagwe, na jani la kwanza lilichomoza baada ya miezi saba.

Kuhusu mtapo, nakaribia kuona haya. Wengi huudhani ni mchikichi mfupi, kumbe ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo uliokuwako duniani kabla ya mimea yenye maua. Majani yake magumu ya kijani kilichokolea hutoka kwenye kisiki kama mawimbi ya maji ya chemchemi, nayo hukaa hivyo mwaka mzima bila kupukutika ovyo. Kijana mmoja alikuja langoni akasema anaweza kunipatia mkubwa, wa kimo cha mtu, kwa bei ambayo nilijua hailingani na kitu cha halali. Nilimwuliza unatoka wapi. Akaashiria upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilimwambia nitafikiri, na ukweli ni kwamba nilifikiri, usiku mzima. Mtapo wetu wa pwani, ambao wataalamu huuita Encephalartos hildebrandtii, umo katika daraja la kwanza la mkataba wa kimataifa unaozuia biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na ndugu zake wote wa jina hilo la kwanza, na mtapo wa kimo cha mtu umekua kwa miaka mingi. Nilinunua mche mdogo kutoka kitalu chenye kibali. Mwaka huu wa nne una majani tisa. Nimeuweka karibu na baraza, si mbele ya ukuta, ili niutazame kwa karibu, kwa kuwa kivuli chake sitakiona kikifika ukutani katika uhai wangu.

Mimea hii yote, ikishasimama, ina kasoro moja ambayo sikuitambua mpaka nilipokuwa nayo mitano: haisogei. Asubuhi moja isiyo na upepo niliona ukuta wangu umekuwa kama duka la vinyago. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria nyasi.

Kosa langu katika nyasi lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa kuwa hili halikuishia kwangu. Nilipewa mbegu za nyasi fulani nzuri sana, zenye masuke marefu meupe yanayoinama kama mikia ya paka, ambazo asili yake ni nchi kavu za Afrika kaskazini na pande zetu za mashariki. Zilikua bila maji na bila samadi. Jioni jua likishuka nyuma ya ukuta na kupenya katika masuke, kila suke lilikuwa taa. Katika msimu wa pili ziliota kwenye nyufa za ukuta. Katika wa tatu jirani yangu, mama mwenye muhogo wake nyuma ya kiwanja changu, alikuja langoni na kishada mkononi, akaniuliza kwa upole kama ule ni mmea wangu. Mbegu zake zina manyoya, hupeperuka mbali. Baadaye nilisoma kwamba katika visiwa vya Hawaii nyasi hizo zimekuwa balaa, zikivamia hata nchi ya mawe ya volkano, zikipeleka moto mahali ambapo zamani haukuweza kufika, na zenyewe zikichipua tena baada ya moto. Mimi na mzee tulizing'oa kwa siku sita, tukayatia masuke kwenye magunia kabla ya kuyachoma, na nilikwenda mwenyewe kupalilia muhogo wa jirani kwa misimu miwili. Tangu hapo, swali langu la kwanza kuhusu nyasi yoyote ni hili: mbegu zake huenda wapi?

Zile za rangi ya zambarau, zinazofanana nazo kwa suke, kwa kawaida hazizai mbegu zenye uhai. Huongezwa kwa kugawanya shina. Ninazo vishada vinne, nazo zimekaa nilipoziweka. Vetiva nayo, ile yenye asili ya Uhindi inayopandwa kuzuia mmomonyoko, haienei kwa mbegu, mizizi yake hushuka wima mita 3 hata 4, na majani yake husimama kama nywele zilizochanwa kwenda juu. Nimeipanda pale maji ya mvua yanapotoka kwenye paa na kula mchanga, na huipunguza mpaka kimo cha goti kila mwaka kabla ya masika.

Lakini nyasi iliyonishangaza ni mchaichai. Nilikuwa nao jikoni, nyuma, kando ya beseni la kuoshea vyombo, na sikuwahi kuufikiria kuwa ni pambo mpaka siku ambayo mzee, alipokuwa akirekebisha bomba, alihamisha shina moja na kulichomeka mbele ya ukuta kwa muda. Halikurudi. Katika mwaka mmoja likawa kichuguu cha majani ya kijani cha majivu, kimo cha kifua, yakipanda pamoja kisha kuinama pande zote, na upepo ukivuma kichuguu kizima hulala na kuinuka kama mtu anayepumua. Kando ya miguu ya mkadi isiyosogea, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Upepo wa kusi, ambao ulikuwa adui yangu tangu siku ya mnazi wa msafiri, sasa ulikuwa na kazi bustanini. Mchaichai una taabu zake: majani yake hukata mikono, baada ya miaka miwili au mitatu katikati yake hukauka hata ikapasa kuung'oa na kuugawanya, na kila jirani mwenye birika hujiona ana haki ya kukata. Hilo la mwisho nimeacha kulilalamikia, kwa kuwa wanaukata vizuri kuliko mimi.

Nilijaribiwa mara moja zaidi. Tulipokuwa Shela, nikitembea na shangazi chini ya vilima vya mchanga, niliona mashungi ya nyasi ngumu zilizojipanga juu ya mgongo wa mchanga, na kila shungi, kwa kuzungushwa na upepo, limejichorea duara kamili chini kwa ncha za majani yake. Niliinama na kushika moja. Shangazi hakuinua sauti. Alisema tu kwamba mvua inayonywewa na mchanga ule ndiyo inayofika visimani mwa mji wa Lamu, na kwamba mchanga ule umeshikwa na nyasi hizo. Niliachilia. Duara lile nimejaribu kuliiga kwa vishada vyangu vya zambarau, kwa kuupa kila kishada mchanga mtupu wa kutosha pembeni, ingawa ukuta wangu unazuia upepo kiasi kwamba duara hutokea nusu tu.

Mchanga mtupu wenyewe ulinichukua muda kuukubali. Kila nilipoona nafasi, mkono wangu ulitaka kuijaza. Mzee ndiye aliyekuwa akifagia kila asubuhi kwa fagio la chelewa, kama mama zetu walivyofagia nyua zao ili nyoka aonekane na mgeni apite, na mistari ya fagio ikawa inabaki mchangani mpaka adhuhuri. Siku moja nilikuwa nimeketi barazani baada ya yeye kumaliza, nikaona kwamba kivuli cha mkadi kilikuwa kinasomeka vizuri zaidi pale ambapo hapakuwa na kitu kingine. Nilitoa mimea 11 mwaka ule, mingine ikiwa mizuri kabisa. Yule mama wa muhogo aliichukua yote.

Mwaka huu, juma moja kabla ya Idd, nilimwita fundi aupake ukuta chokaa upya. Alipofika mbele ya mkadi alisimama na brashi mkononi, akasema kwamba majani yanamzuia na kwamba, kwa idhini yangu, angeyakata yote ya upande wa ukutani, kwani hayo hayaonekani na mtu. Mzee alinitazama mimi, kisha akaenda kuleta kamba ya makumbi. Tuliyafunga majani pamoja, sisi watatu, tukichomwa mikono, tukayavuta mbele kama mtu anayekusanya nywele za mtoto kabla ya kumsuka, na fundi akapita nyuma yake akipaka huku akilalamika. Matone ya chokaa bado yako kwenye mguu wa tatu na wa nne. Kutoka hapo hadi mwisho wa ukuta ni hatua 12, halafu kuna duara la mawe, na ndani yake mkoma una majani matatu yanayofika kwenye goti langu.